KISUKARI CHA MIMBA: DALILI YA MVUA NI MAWINGU



Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kuzungumza habari za mishahara, kilo za majani, nyumba za kambini na wenzetu walioachishwa kazi bila sababu. Safari hii tunataka kuzungumza habari ya sukari. Si ile inayouzwa dukani, bali ile iliyomo katika damu ya mama mwenye mimba. Huenda mwingine akauliza: jambo hili lakihusu nini chama cha wafanyakazi? Je, si kazi ya madaktari? Tunamwomba asome mpaka mwisho, ndipo aamue.

Sisi si madaktari. Haya tunayoyaandika tumeyapata kwa kuuliza wauguzi na wakunga, na kwa kuwasikiliza wanachama wenzetu. Tumejitahidi kuyaandika kwa maneno ambayo kila mmoja wetu ataweza kumsomea jirani yake.

MWENZETU WA SHAMBA LA CHAI

Tuanze na habari tuliyoishuhudia wenyewe. Katika shamba moja la chai la magharibi ya Uganda alikuwako mama mmoja mchumaji, hodari wa kazi, mwenye watoto 2. Alipochukua mimba ya tatu, muuguzi wa kliniki alimpima akamwambia kwamba sukari yake imepanda. Akaonywa apunguze chai ya sukari na posho nyingi, naye akafanya hivyo. Siku zilipotimia mtoto alishindwa kutoka, mama akapasuliwa. Akazaliwa mtoto wa kiume wa kilo 4 na nusu. Kambi nzima ilifurahi. Mtoto mnene ni sifa kwetu, na hakuna aliyefikiri kwamba unene ule ulikuwa na maana yake.

Siku chache baadaye alipimwa, sukari ikaonekana imeshuka. Akaambiwa amepona, aende nyumbani. Hakuna aliyemwambia arudi tena kupimwa. Miaka 6 ikapita. Akaanza kuchoka mno, kiu haimwishi, na usiku huamka mara 4 au 5 kwenda haja ndogo. Yeye alidhani ni kazi na umri. Siku moja kisiki cha mchai kilimchoma mguuni. Kidonda kile hakikupona mwezi wa kwanza wala wa tatu. Alipofikishwa hospitali ilionekana ana kisukari cha siku nyingi, na vidole 2 vya mguu vikakatwa.

Sisi wa chama tuliingia katika shauri lake kwa njia ya kidonda. Tulidai fidia ya ajali kazini, na wenye shamba wakabisha kwamba si kisiki kilichomkata vidole bali ugonjwa wake. Tulivutana miezi mingi, tukapata kidogo. Lakini lililotuuma zaidi ni neno alilotuambia yeye mwenyewe: kwamba katika miaka yote ile 6 tulikuwa tukifika kambini kufanya mikutano, na hata siku moja hatukumuuliza mwanamke yeyote habari za afya yake baada ya kuzaa. Alisema kweli. Makala haya ni sehemu ya deni letu kwake.

UGONJWA WENYEWE NI NINI?

Chakula tunachokula, hasa posho, ndizi, viazi, mihogo, wali na sukari yenyewe, hugeuzwa tumboni kuwa sukari inayoingia katika damu. Sukari hiyo si adui. Ndiyo nguvu tunayofanyia kazi. Lakini haiwezi kutoka katika damu na kuingia katika viungo vya mwili bila msaada. Huhitaji kitu kiitwacho insulini, ambacho hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula.

Tuchukue mfano wa shambani. Majani yakishachumwa hupelekwa kwenye banda la kupimia, kisha trekta huja kuyachukua kuyapeleka kiwandani. Basi sukari ni majani, damu ni banda, insulini ni trekta, na viungo vya mwili ni kiwanda. Trekta zikija kwa wakati, banda halijai. Trekta zikichelewa, majani hulundikana, hupata joto na kuharibika, na huku kiwanda kimekaa bila kazi ijapokuwa majani ni tele. Ndiyo sababu mgonjwa wa kisukari huwa na sukari nyingi katika damu, na huku mwili wake unalia uchovu.

Sasa mama apatapo mimba, kondo la nyuma hutoa homoni za kumwezesha mtoto kukua. Homoni hizo huizuia insulini isifanye kazi yake sawasawa. Ni kama mvua za masika zilizoharibu barabara: trekta iliyotosha wakati wa kiangazi sasa inakwama matopeni, na inabidi ziletwe trekta 2 au 3 kuhamisha mzigo ule ule. Kwa wanawake wengi kongosho huongeza insulini mara 2 hata 3, na mambo huenda sawa. Kwa baadhi yao kongosho haliwezi kuongeza kiasi hicho, na sukari hulundikana katika damu. Hicho ndicho kisukari cha mimba. Kwa kawaida huonekana baada ya mimba kupita miezi 5 hivi, wakati barabara imeharibika zaidi.

Yafaa ieleweke kwamba mama hakujiletea ugonjwa huu kwa uroho, wala hakulogwa, wala si aibu. Tena si ugonjwa wa matajiri peke yao, kama wengi wetu tulivyodhani. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba karibu mtoto 1 kati ya kila 6 wanaozaliwa hai duniani huzaliwa na mama ambaye sukari yake ilipanda wakati wa mimba. Wengi wa mama hao huwa na kisukari cha mimba, na wengi wanaishi katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, kama zetu.

HATARI KWA MAMA NA MTOTO

Sukari ya mama hupita katika kondo la nyuma ikamfikia mtoto. Insulini ya mama haipiti. Kwa hiyo mtoto hulazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe kwa wingi, na hiyo humnenepesha kupita kiasi. Wakati wa kuzaliwa mabega yake huweza kukwama, akaumia yeye au mama. Ndiyo sababu wengi huishia kupasuliwa. Akishazaliwa, ile sukari ya mama imekatika ghafla lakini insulini yake bado ni nyingi, na sukari yake huweza kushuka mpaka kuhatarisha maisha. Basi mtoto wa namna hii anyonyeshwe mapema, ndani ya saa ya kwanza, na wauguzi wamwangalie kwa karibu. Sukari ikiwa juu sana bila matibabu, mtoto aweza hata kufia tumboni.

Mama naye yumo katika hatari ya shinikizo la damu na kifafa cha mimba, na ya kutoka damu nyingi wakati wa kujifungua. Zaidi ya hayo, mtoto aliyelelewa tumboni katika sukari nyingi huwa rahisi zaidi kupata unene na kisukari atakapokuwa mkubwa. Hivyo tunapomwangalia mama mmoja, tunaangalia vizazi 2.

NANI APIMWE, NA APIMWEJE?

Wako wanawake walio karibu zaidi na hatari: wenye umri uliosogea, wenye uzito mkubwa, wenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye kisukari, waliowahi kuzaa mtoto wa kilo 4 au zaidi, waliowahi kuzaa mtoto mfu bila sababu kujulikana, na wale ambao mimba iliyotangulia ilikuwa na sukari. Hata hivyo wengi wapatwao hawana hata moja kati ya haya. Tena mara nyingi ugonjwa huu hauna dalili. Kiu na uchovu na kwenda haja ndogo mara kwa mara ni mambo ya kila mja mzito, hivyo hayatoshi kutambulisha.

Wazee wetu walijua habari ya sisimizi kukusanyika penye mkojo wa mgonjwa wa sukari. Ni kweli, lakini ukingoja sisimizi umechelewa. Hata kipimo cha mkojo cha kliniki hakitoshi. Kinachotakiwa ni kipimo cha damu, na wakati wake ni kati ya wiki ya 24 na ya 28 ya mimba, yaani mwezi wa 6 hivi. Aliye katika hatari kubwa apimwe mapema zaidi, siku ile ya kwanza anapofika kliniki.

Kipimo kamili ni hivi. Mama halali na chakula cha usiku wa manane. Akae saa 8 au zaidi bila kula. Asubuhi hutolewa damu ya kwanza. Kisha hunywa maji yaliyochanganywa na gramu 75 za glukosi. Hutolewa damu tena baada ya saa 1, na tena baada ya saa 2. Wakati huo wote akae ametulia, asitembee-tembee wala kufanya kazi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2013 hesabu zifuatazo: sukari ikiwa 5.1 au zaidi kabla ya kula, au 10.0 na zaidi baada ya saa 1, au 8.5 na zaidi baada ya saa 2, basi mama ana kisukari cha mimba. Hata moja tu kati ya hizo yatosha. Ikifika 7.0 kabla ya kula, au 11.1 baada ya saa 2, hicho ni kisukari kamili, na yawezekana alikuwa nacho kabla ya mimba.

Hesabu hizo hazikutungwa hewani. Zilitokana na uchunguzi wa wanawake zaidi ya 23,000 katika nchi 9, uliotangazwa mwaka 2008. Ulionyesha kwamba kadiri sukari ya mama inavyopanda ndivyo hatari inavyopanda, hata kabla ya kufika kile kiwango tunachokiita kisukari.

Najua mtasema: zahanati yetu haina glukosi, na siku nyingine haina hata vile vijiti vya kupimia. Ni kweli, tumeyaona. Basi ombeni angalau kile kipimo cha asubuhi kabla ya kula. Kipimo kimoja ni bora kuliko kukosa chote. Na pale ambapo hakipo kabisa, mwambieni mjumbe wenu wa chama, kwa kuwa hilo nalo ni jambo la kulifikisha mbele.

AKIONEKANA NACHO AFANYE NINI?

Habari njema ni kwamba wengi huweza kuituliza sukari kwa chakula na kwa kuuchangamsha mwili tu. Lakini ushauri wa chakula uwe wa mtu anayeishi kambini, si wa mtu mwenye friji. Kwa hiyo tunasema hivi:

Posho, ndizi na viazi visiachwe kabisa, bali vipunguzwe. Kiasi cha ngumi moja au zaidi kidogo kwa mlo chatosha. Nafasi iliyobaki katika sahani ijazwe dodo, sukuma wiki au kabichi, pamoja na maharage, karanga, mayai au samaki wadogo wakipatikana. Chai inywewe bila sukari. Anayetia vijiko 4 aanze kupunguza leo. Soda, maji ya matunda yenye sukari na kutafuna miwa viachwe. Uji unyweke bila sukari.

Jambo la pili, asishinde njaa. Wachumaji wengi huondoka kambini alfajiri bila kutia kitu kinywani mpaka saa 8 mchana, kisha hula mlo mmoja mkubwa. Mlo wa namna hiyo hupandisha sukari kwa mara moja. Ni bora chakula kile kile kigawanywe mara 3 na vipande vidogo katikati.

Jambo la tatu, kutembea baada ya kula hushusha sukari. Mchumaji anayepanda na kushuka vilima siku nzima haihitaji mtu wa mjini aje kumfundisha mazoezi; kazi yake yahesabika. Lakini asibebeshwe mizigo mizito. Na wale wanaosimama au kukaa mahali pamoja siku nzima, kama wachambuzi wa kiwandani na wafungaji wa maua, wao ndio wanaohitaji kutembea jioni.

Sukari isiposhuka kwa njia hizo, daktari humpa dawa, na mara nyingi ni insulini ya sindano. Wengi huiogopa sindano hiyo wakidhani ndio mwisho wa maisha. Sivyo. Insulini haipiti kumdhuru mtoto, na baada ya kujifungua wengi huiacha. Anayeitumia asikose kula. Akiona anatetemeka, anatoka jasho, moyo unapiga mbio au maneno yanamchanganyikia, basi sukari imeshuka mno: apewe sukari au soda mara moja, kisha chakula. Wenzake wa mstari mmoja shambani walijue hilo, ili wasidhani amelewa.

BAADA YA KUJIFUNGUA: HAPA NDIPO TUNAPOKOSEA

Hili ndilo jambo kubwa la makala haya. Mtoto akishazaliwa na kondo la nyuma likatoka, homoni zile huondoka. Barabara imekauka. Sukari ya wengi hurudi chini katika siku chache. Watu hushangilia na kusema ugonjwa umekwisha. Lakini tukumbuke masika yale yalitufundisha nini. Yalitufundisha kwamba shamba hili lina trekta chache. Kiangazi zatosha, lakini miaka ikipita trekta huzeeka, na mzigo huongezeka kwa unene na umri. Siku moja hata barabara kavu haitatosha.

Hayo si mageni kwa wataalamu. Mwaka 1964 huko Boston, Marekani, Daktari John O'Sullivan na Claire Mahan walitoa hesabu za kwanza za kukitambua kisukari cha mimba, na walizipata kwa kuangalia ni mama gani waliokuja kupata kisukari cha kudumu baadaye. Yaani tangu mwanzo kipimo hiki kilikuwa cha kutazama mbele, maisha ya mama baada ya mimba. Mwaka 2020 wataalamu walijumlisha uchunguzi 20 uliohusu wanawake zaidi ya milioni 1 na laki 3, wakaona kwamba aliyepata kisukari cha mimba ana hatari ya kupata kisukari cha kudumu karibu mara 10 kuliko yule ambaye hakukipata. Zaidi ya miaka 60 imepita tangu kazi ile ya Boston, na bado kina mama wanaagwa mlangoni mwa hospitali kwa neno moja tu: umepona.

Dalili ya mvua ni mawingu. Kisukari cha mimba ni wingu. Aliyeliona ana nafasi ya kuezeka nyumba kabla mvua haijanyesha. Basi afanye haya:

Kwanza, apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua. Njia rahisi ni kuunganisha na chanjo. Mtoto hupelekwa kuchanjwa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Basi siku moja ya zile 2 za mwanzo, mama afike kabla hajala, na baada ya mtoto kupata sindano yake, mama naye atoe damu yake. Tumezoea kumpeleka mtoto na kujisahau wenyewe.

Pili, hata kipimo kile kikiwa kizuri, apimwe kila mwaka, au angalau kila baada ya miaka 3, maisha yake yote. Miaka 5 ya mwanzo ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Ili asisahau, afanye hivyo kila mwaka katika mwezi aliozaliwa mtoto yule.

Tatu, anyonyeshe. Maziwa ya mama yana faida kwa mtoto, hilo twalijua. Lakini imeonekana pia kwamba mama aliyekuwa na kisukari cha mimba akinyonyesha kwa muda mrefu, hatari yake ya kupata kisukari hupungua.

Nne, aangalie uzito na autembeze mwili. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 uliwachukua watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliopunguza chakula, wakapunguza uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Wale waliopewa vidonge vya metformini walipunguza kwa asilimia 31. Basi miguu ilishinda vidonge.

Tano, kabla ya kuchukua mimba nyingine apimwe kwanza, na asikose kumwambia mkunga siku ya kwanza ya kliniki. Mara nyingi kisukari cha mimba hurudi. Kwa ajili hiyo mpango wa uzazi ni sehemu ya matibabu.

Sita, maneno haya yaandikwe katika kadi yake, na kadi isipotezwe. Mfanyakazi wa mashamba huhama: leo yuko chai, kesho yuko miwa, kesho kutwa yuko maua. Asipokuwa na kadi, muuguzi mpya hatajua kitu.

HAKI ZETU NA KAZI YA CHAMA

Sasa tumjibu yule aliyeuliza jambo hili lakihusu nini chama. Kile kipimo tulichokieleza huchukua asubuhi nzima. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Asubuhi ndiyo wakati wa kilo nyingi. Anayekwenda kupimwa, pamoja na safari ya kwenda na kurudi kituoni, amepoteza siku. Tulipowauliza kina mama wa mashamba yetu kwa nini hawaendi kliniki mapema wala hawarudi baada ya kuzaa, wachache walisema hawajui. Walio wengi walisema hawawezi kuikosa siku hiyo, na kwamba nyapara huandika kuwa wametoroka kazi. Basi ujinga peke yake sio ugonjwa wetu. Kipande cha mshahara nacho kimo.

Tujue haki tulizo nazo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri ampe mwanamke mfanyakazi ulinzi wakati wa mimba na baada ya kuzaa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na baba siku 4 za kazi. Mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Angalieni basi: kile kipimo cha wiki ya 6 huangukia ndani ya likizo ya uzazi. Mwenye likizo yake hapotezi hata senti moja akienda. Anayeumia ni kibarua, anayerudi mashambani mtoto akiwa na wiki 2 kwa kuogopa kupoteza nafasi.

Aidha Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Na. 191 la mwaka 2000 juu ya ulinzi wa uzazi, lilisema kwamba mwanamke awe na haki ya kuondoka kazini, baada ya kumwarifu mwajiri, kwenda kupimwa mambo yanayohusu mimba yake. Pendekezo si sheria. Lakini ni silaha mezani wakati wa mazungumzo.

Katika shamba moja tulijaribu. Tuliomba mja mzito apewe asubuhi ya kliniki kwa malipo. Wenye shamba walikataa mara 2, wakisema kesho kila mwanamke atadai ana mimba. Mara ya 3 wajumbe wetu wa kike walikuja na kadi za kliniki, wakahesabu siku zinazohitajiwa kwa kila mama tangu mwanzo wa mimba mpaka mwisho, wakaziweka karibu na siku ambazo shamba hupoteza mama anapolazwa kwa kupasuliwa. Hesabu ile ilizungumza kuliko sisi. Tukapata siku za kliniki zilipwe kwa wastani wa kilo za mchumaji huyo. Hatujivuni, maana haki hiyo mpaka leo ni ya walioandikishwa tu. Vibarua bado wako nje, nao ndio wengi.

Kwa hiyo tunawaomba wajumbe wote wa chama walete mambo haya katika mazungumzo ya mkataba:

1. Asubuhi za kliniki zilipwe, kabla na baada ya kuzaa, na kipimo cha sukari cha wiki ya 24 mpaka ya 28 kitajwe kwa jina.

2. Zahanati ya shamba iwe na mashine ya kupimia sukari, vijiti vyake, na glukosi.

3. Mja mzito apewe kazi nyepesi, na nafasi ya kula asubuhi.

4. Mama anayenyonyesha apewe muda na mahali pa kunyonyeshea.

5. Vibarua wahesabiwe katika haya yote.

Nanyi kina baba msiyapite maneno haya mkidhani ni ya wanawake. Mnaonunua sukari na soda ni nyinyi, mnaogawa chakula cha nyumbani ni nyinyi, na mara nyingi mnaokataa mama asiende kliniki ni nyinyi. Mkeo akishika mguu mmoja, nyumba nzima imeshika mguu mmoja.

Yule mwenzetu tuliyeanza naye bado yu hai. Hachumi tena, anapanga majani kwenye vitalu vya miche kwa mshahara mdogo. Lakini kila mja mzito anayeingia kambini pale, yeye humfuata mpaka nyumbani na kumuuliza maswali 2: umepimwa sukari? Na ukishazaa, utarudi kupimwa lini? Hana cheo katika chama wala hakusomea uuguzi. Tunawaomba wasomaji wetu katika kila kambi, kila mmoja amuulize mwenzake maswali hayo 2 juma hili hili.

Umoja ni nguvu.